Mlima ni Wetu, Mlango Uko Uganda

Binamu ako Brussels ndio alianzisha hii risto yote. Alitutupia sauti kwa WhatsApp akasema ako na likizo mwisho wa Mei, huko kwao majira ya kuchipua yanaelekea kuisha, watu washaanza kutembea na kaptula, na yeye anadai kukuja nyumbani. Lakini hadai kukaa Kisangani akioshwa na jasho. Anadai mlima. Kitu ya juu, ya baridi, mahali simu inashika mtandao ikijiskia. Mbogi yetu ya hapa Makiso, mtaa wa Kisangani, ikawaka siku hiyo hiyo.

Naandika Sheng juu nilikulia Kayole kabla familia irudi Boyoma, yaani Kisangani, na mabeshte wa Kanairo wananiulizanga kama Congo kuna kitu ya kupanda ama ni mto na msitu tu. Buda, iko. Kisangani yenyewe ni chini, mita mia nne na kitu juu ya bahari, tambarare mpaka unaboeka, joto mwaka mzima. Hapa kitu ndefu ya kupanda ni ngazi za ghorofa. Lakini mlima mrefu zaidi Congo ni Rwenzori, na kilele chake Margherita kiko mita 5,109. Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya pekee zinaipita. Na mpaka wa DRC na Uganda unapita hapo hapo juu, kwa barafu. Guu moja kwetu, guu lingine kwa jirani.

Kwa hivyo mlima tuko nao. Kuufikia ndio ngori.

Wacha nianze na tarehe, juu hapo ndio watu wengi wanachomanga. Huku kwa mstari wa ikweta hakuna cha majira ya kuchipua. Kuna mvua mob, na kuna mvua kiasi. Rwenzori inakuwanga na madirisha mawili ya ukavu: kutoka mwisho wa Desemba hadi Machi hivi, na kutoka katikati ya Juni hadi Agosti. Ukavu wenyewe ni wa jina tu, bado utanyeshewa, lakini angalau kuna asubuhi zenye unaona mahali unaenda. Mei ni mkia wa mvua kubwa, na huo mkia unauma. Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo ukashuka Kasese, upande wa Uganda, na mawe makubwa, nyumba zikabebwa. Mei 2020 ukarudia, hadi hospitali ya Kilembe ikabidi wagonjwa wahamishwe. Kilembe ni mahali moja ya njia za kupanda inaanzia. Na Mei ndio binamu alikuwa anadai kushuka na begi.

Tulipomshow, akazusha kidogo. Eti likizo yake imeshaandikwa, bosi hatamwelewa. Nesi wetu, yeye ndio kichwa ya hii mbogi, akamjibu na sauti ya sekunde chache tu: "Yaya, huo mlima haufanyi kazi Ubelgiji. Badilisha likizo." Akabadilisha.

Lakini pia siwezi sema Mei hakuna kitu inaonekana. Msafiri Stanley, mmoja wa Wazungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Rwenzori, anasema aliiona tarehe 24 Mei 1888, wingu lilipofunguka kidogo. Hata si yeye aliigundua. Mtoi mmoja wa msafara wake ndio alimuonyesha, akidhani ule mlima umefunikwa na chumvi. Na kitu yenye hunibamba kwa hiyo risto ni mahali walitokea: walikuwa wametoka hapa kwetu, mkoa wa Tshopo. Waliacha kambi ya Yambuya, kwa mto Aruwimi, Juni 1887, wakaingia msitu wa Ituri wakielekea Ziwa Albert. Wapagazi wengi walikuwa wa Zanzibar, Waswahili wenyewe, na wengi wao njaa iliwamalizia msituni. Wakati huo huo Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa hapa Kisangani kwa maporomoko akiwa amepewa kazi ya kuwa gavana. Hiyo Kiswahili unaskia sokoni Kisangani sai ilifika na watu kama hao, na hawakufika na maua. Kwa hivyo safari ya kutoka Boyoma kuenda Rwenzori si form mpya. Ni ya kitambo, na ilikuwa mbaya kitambo.

Tarehe ikasogea hadi Juni. Hapo mathe akaingia.

Mathe wangu si wa kubonga mob. Alikuwa anachambua pondu jikoni, akaskia neno Uganda, akaweka kisu chini. Kama hujui Kisangani, ujue hivi: kutoka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda walipigania huu mji, mabomu yakianguka kwa nyumba za watu wenye hawakuwa upande wowote. Mamia ya raia walidedi kwa siku sita. Wazee hawaiiti vita, wanaita tu "siku sita" na kila mtu ameelewa. Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vyote, na hapa Kisangani kuna mfuko wa wahanga, watu wamepanga foleni na makaratasi yao hadi leo. "Mwanangu," mathe akasema, "hizo siku hakuna mtu wa hii nyumba atavuka kuenda kutalii kwao. Zikipita, nendeni. Mlima haukutupiga bomu."

Hakuna mtu alibishana. Mwalimu wa mbogi pia akasema Juni amejaa mitihani, na tarehe 30 Juni ni Uhuru, lazima awe na wanafunzi. Kwa hivyo tukafunga: wiki ya kwanza ya Julai. Dirisha liko wazi, mathe ametulia, mwalimu yuko huru.

Sasa mlango. Kwa karatasi, msee wa Kisangani anafaa kupanda kutoka upande wetu. Iko njia inaanza Mutwanga, pale kituo cha Mutsora cha Hifadhi ya Virunga, inapita nyumba za Kalonge, Mahangu na Kyondo hadi kwa barafu. Wabelgiji walipanda upande huo 1932. Virunga ndio hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, ilitengwa 1925, hata imefikisha miaka mia. Lakini Beni na hiyo mitaa yake ndio mahali waasi wa ADF wamekuwa wakiua wanakijiji kwa mapanga miaka mob sasa, na Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Msee mmoja wa mbogi akasema tuende tu, eti yeye ni mtoto wa nyumbani. Nikamwambia wale wanauawa huko wote ni watoto wa nyumbani.

Mwingine akaleta form ya Nyiragongo, juu ya Goma, ile volkano ya mita 3,470 yenye ziwa la moto. Hiyo ilipasuka tena 22 Mei 2021, na Goma yenyewe imeshikwa na waasi wa M23 tangu Januari 2025. Hiyo tukaifunga bila kura.

Inabaki Uganda. Na sitadanganya mtu eti ukivuka mpaka umefika peponi. Tarehe 16 Juni 2023 ADF waliingia shule ya sekondari Mpondwe, si mbali na mpaka wa Kasindi, wakaua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi. Lakini mlima wa upande wa Uganda una askari wa hifadhi, una njia zinatumika kila wiki, una viongozi wa njia wenye ni kazi yao. Hifadhi yao ya Rwenzori imekuwa kwa orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Watu wa huko, Wakonzo, na Wanande wa huku kwetu ni damu moja, mlima ndio uko katikati yao. Ndio maana nasema mlima ni wetu lakini mlango uko kwa jirani. Inauma kidogo kusema hivyo. Basi tu.

Kufika kwa huo mlango ndio kazi yenyewe. Ukicheki ramani, barabara ya kitaifa namba 4 inatoka hapa Kisangani inaingia mashariki moja kwa moja: Bafwasende, Nia-Nia, Epulu kwa okapi, Mambasa, Komanda, halafu unakata kuelekea Beni na Kasindi. Hadi Beni ni zaidi ya kilomita 700. Kwa ramani inakaa kitu ya siku moja na nusu. Msee wetu wa nduthi, mwenye hubeba mizigo hadi Bafwasende, alicheka hadi akakaa chini. Akatueleza vile inaendanga: mvua ikinyesha, lori linazama hadi mlango wa dereva unafungukia matope, yenye iko nyuma inazimia hapo, ya nyuma yake pia, na wanakijiji wanafungua mgahawa kando ya foleni. Vijana wanachimba na majembe na kuweka magogo chini ya tairi, na hiyo si bure. Nduthi inapita pembeni, kwa kijia cha upana wa tairi moja, mzigo ukigusa miti kushoto na kulia, na ukikosea unashuka na kila kitu hadi kwa shimo la lori.

Matope mtu anaweza vumilia. Lakini kutoka Mambasa kuenda mbele, hapo Komanda hadi Beni, magari yameshambuliwa mara mob, mengine yanapitanga na msafara wa jeshi mbele na nyuma. Huyo msee wa nduthi, mwenye haogopangi kitu, akasema yeye hapiti huko kwa ajili ya kupiga picha. Hiyo ndio ilimaliza mjadala. Kama unaishi Kisangani na mtu anakuuzia form ya bei rahisi ya kufika Kasese na nduthi, mlenge.

Kwa hivyo tunaenda na ndege, na ukiskia njia yenyewe utacheka pia. Mlima uko mashariki yetu. Sisi tunapaa uwanja wa ndege wa Bangoka kuelekea magharibi, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Kinshasa, tunalala huko kwa shangazi, halafu ndege nyingine inaturudisha mashariki, inapita juu ya nchi nzima hadi Entebbe. Kutoka Kampala ni basi hadi Kasese. Binamu yeye anatoka Brussels hadi Entebbe bila kugusa Congo. Msee wa Ubelgiji anafika mlima wa Congo haraka kuliko msee wa Congo. Hapo kila mtu aliguna.

Ganji basi. Tiketi za ndani za nchi hii ni noma, na hiyo ndio nusu ya bajeti kabla hujaona hata jiwe. Tumefungua likelemba. Watu wa Nairobi mnaita chama: kila mmoja anatoa kila mwezi, lakini hii yetu hatupeani zamu, inakaa tu kwa nesi hadi siku ya tiketi. Tulimchagua yeye juu ndio mtu pekee mwenye akisema hapana unaamini. DRC iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hivyo kabla ulipe hifadhi, uliza kama mnahesabiwa kwa bei ya wana Afrika Mashariki. Tofauti yake na bei ya mgeni si ya kuchezea. Pasi iwe nzima, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasi, si kwa begi lenye liko chini ya basi.

Juu ya mlima kuna njia mbili kubwa. Ya kitambo inaanza Nyakalengija na inazunguka, wengi wanaimaliza kwa wiki moja hivi: kambi za Nyabitaba mita 2,651, John Matte 3,414, Bujuku 3,962, halafu Elena 4,541, na hapo Elena ndio watu wanaamka usiku kuenda Margherita. Ya pili inapanda kutoka Kilembe, ndefu zaidi ukitaka kilele, lakini iko na kitu mimi napenda: unaweza fika Mutinda, karibu mita 4,000, uone dunia, ugeuke urudi bila kugusa barafu. Kwa watu wa mita mia nne kama sisi, hiyo Mutinda ni form ya akili. Binamu anadai Margherita, juu ameshalipa viatu. Mbogi imegawanyika hapo na bado tunazusha.

Barafu yenyewe inaisha, na sipendi vile hiyo inafanya watu wakimbie. Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, alipofika kilele tarehe 18 Juni 1906, alikuta milima yote mikubwa ya Rwenzori imevaa barafu. Sai imebaki vipande kwa ile ya juu kabisa, na UNESCO walisema 2022 kwamba barafu za Afrika zilizo kwa maeneo ya urithi zinaweza kuwa zimeisha kufikia 2050. Barafu yenye inakatika ni hatari kuliko yenye imetulia, nyufa zinafunguka mahali jana kulikuwa na njia. Kamba, mkanda, shoka na meno ya chuma ya kufunga chini ya buti si mapambo. Hiyo ndio hoja yangu kwa binamu: usipande na mbio ya kuiona kabla iishe ukaishia wewe.

Kuna kitu moja Rwenzori inahitaji kuliko zote, na si viatu vya Brussels. Ni gambuti. Juu ya ile misitu ya mianzi na miti yenye ndevu za kuvu, njia inaingia kwa matope ya Bigo, mabonde yote ni maji na mafundo ya nyasi, unaruka fundo hadi fundo na ukikosa unazama hadi goti. Nesi alitupeleka sokoni kila mtu achague ya kwake, na akaenda na masharti. Kwanza, uende jioni, juu mguu ukiwa umetembea siku nzima unavimba. Pili, uvae soksi mbili, moja nyembamba, moja ya sufu. Tatu, ukivaa, piga teke ukuta: kidole kikigonga mbele, ongeza saizi, juu kushuka mlima kidole kitagonga hivyo siku nzima hadi kucha itoke. Muuzaji alitucheki tukipiga ukuta wake mateke akadhani tumezusha. Mwalimu alichukua nyeusi ya saizi moja juu, akaweka soli ya ndani yenye alikata kutoka kwa godoro kuukuu. Imeshika kabisa.

Miguu nayo? Hapa hakuna kilima cha mazoezi, kwa hivyo tunatumia toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Kila Jumamosi tunazikodisha, unampakia mwenzako nyuma unamsukuma hadi kwa maporomoko ya Wagenia na kurudi, halafu mnabadilishana. Wenye toleka wanatucheka, juu wao hufanya hivyo siku nzima na magunia ya makaa. Ukweli ni kwamba msee wa toleka akipewa koti angetuacha sote Nyabitaba.

Mapafu ndio huwezi fundisha hapa. Nesi amesema na sote tumekubali: kichwa kikiuma na tumbo likikataa chakula, hupandi siku hiyo, ukianza kuyumba ama kubonga vitu hazieleweki, unashuka usiku huo huo, hata kama kilele kinaonekana. Na sisi wa Kisangani tuko na mtego wetu: malaria. Mtu anaweza ibeba kutoka hapa, ikamlipukia mita 3,500, kila mtu akadhani ni mlima. Kwa hivyo wote tunapimwa kabla ya Kampala, na dawa zinaenda ndani ya begi la nesi, si la mtu mwingine.

Kulipa wapagazi na viongozi wa njia ni na shilingi za Uganda, lakini ganji yetu inatoka na dola, na hapo Congo na Uganda zinafanana kabisa: noti ikiwa na kapasuko ka milimita mbili, doa la wino ama mkunjo umekaa vibaya, hakuna mtu anaigusa. Ya zamani nayo wanakupa bei ya chini. Juzi nesi alimwaga likelemba yote mezani kwake, akainua noti moja moja dirishani, akapitisha kidole pembeni mwa kila moja. Akakataa ya ishirini na ya hamsini. Zote mbili zilikuwa za msee wa nduthi, mwenye hubeba ganji yake ndani ya soksi. Amepewa hadi Jumamosi abadilishe, na hadi sai anazunguka kwa wabadilishaji wa mjini akiambiwa hapana.